Maji ya Mama Mkwe

Kila jioni, rozari ikishakwisha, Anyesi alikuwa akiongeza Salamu Maria moja kwa ajili ya mama mkwe wake, ili siku moja amkubali Kristo. Aliianza akiwa bibi harusi, na aliendelea nayo hadi mvi zikaanza kuchungulia pembeni mwa kilemba chake. Watoto wake walipokuwa wadogo waliisali hiyo ya ziada mbiombio ili ugali uletwe. Na bibi mwenyewe aliyekuwa akiombewa alikaa palepale, mgongo ukutani, akichambua mlenda, kana kwamba anayetajwa ni mtu wa kijiji kingine.

Kwa hiyo siku bibi huyo aliposema anataka kubatizwa, mtu angetegemea Anyesi apige vigelegele. Hakupiga.

Ilikuwa baada ya Noeli, watu wanapalilia. Matika, ndilo jina la mama mkwe, alimkuta Anyesi nje ya jiko akipepeta uwele.

“Mama Debora,” alisema, “mwambie yule mwalimu wenu wa dini aniandike. Nayataka hayo maji yenu.”

“Maji gani, mama?”

“Ya kichwani.”

Anyesi aliendelea kupepeta. “Unaumwa?”

“Siumwi.”

“Kuna mtu amekuambia kitu?”

“Nani wa kuniambia mimi? Nimezeeka. Wewe mwambie tu.” Kisha akajikongoja kurudi kivulini, akamwacha mkwewe na ungo mikononi na pumba zikimrudia usoni.

Mwanamke yule hakuwahi kuingia kanisani hata siku ya harusi ya mwanawe. Mvua zikichelewa au zikizidi, alikwenda na wazee wenzake kumwaga pombe kwenye makaburi ya ukoo, na aliporudi hakuficha alikotoka. Mtu wa namna hiyo haamki asubuhi moja akataka ubatizo. Anataka kitu. Anyesi aliwaza hivyo mpaka uwele ukaisha, na hakuona ni kitu gani.

Katika kijiji kile, mwendo wa bodaboda kutoka Mlali, hakuna aliyemtilia shaka Anyesi mwenyewe. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao. Ndiye aliyefika wa kwanza kigangoni kufagia na kutandika vitambaa vya altare, na wa mwisho kuondoka. Mgonjwa akilala, Anyesi alikwenda na uji. Mtu akifa, Anyesi alikwenda kuosha. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kumwambia padre katika kitubio, kwa sababu hakuona kuwa ni dhambi. Aliamini kwamba mama mkwe wake alimuua mtoto wake wa kwanza.

Mtoto yule alikuja kabla ya Debora, mwaka ambao makorongo yalijaa hadi yakaangusha miti. Anyesi alijifungulia nyumbani, na damu ikakataa kukatika. Mazengo, mume wake, na wanaume wa jirani wakambeba kwa kitanda, wakamvusha korongo, wakasimamisha lori barabarani. Mtoto alikuwa mdogo mno kupita kwenye mvua ile. Akaachwa kwa bibi yake, na jirani yao Ruthu, aliyekuwa ananyonyesha wa kwake, akawa anakuja kumpa titi.

Anyesi aliporudi kutoka hospitali alikuta mtoto amezikwa nyuma ya zizi. Hakukuwa na sala, wala msalaba, wala jina. Hakuwa amebatizwa, akaambiwa, basi tumwachie Mungu. Akamwachia. Ni Ruthu aliyekuja kumharibia ile amani ndogo aliyokuwa ameipata, siku wamekutana kisimani.

“Nikifa nalo litanisumbua,” Ruthu alisema. “Siku ile nilipokuja kunyonyesha nilichungulia mlangoni. Mama mkwe wako kampakata mtoto, kashika kibuyu. Anammwagia maji kichwani huku midomo inamcheza. Aliponiona akakificha kibuyu mgongoni. Mtoto sikumsikia tena.”

Anyesi hakuuliza. Ukiuliza utajibiwa, na ukishajibiwa utaishije na mtu huyo boma moja? Akanyamaza. Hata Mazengo hakumwambia. Alimwamkia mama mkwe shikamoo kila asubuhi, akampikia, akamfulia, akamjengea jiko la karibu alipoanza kuishiwa nguvu. Akazaa watoto wengine watatu, wote wako hai hadi leo. Hata mmoja wao hakuruhusu aogeshwe na bibi yake.

Hata hivyo Anyesi aliufikisha ujumbe wa bibi, na Octavian, katekista wa kigango, akafurahi kwa niaba yake. Alimwambia kila mtu kwamba sala za mama Debora zimejibiwa. Padre naye akasema kwa umri wa bibi hakuna haja ya kumzungusha. Afundishwe yaliyo ya lazima, abatizwe Pasaka. Kila Jumamosi Octavian alifika na baiskeli yake, akakaa na Matika chini ya paa la jiko. Anyesi alijipa kazi ya karibu kila walipokaa: kuchambua maharage, kushona kifungo. Lakini bibi akimwona hunyamaza, na Octavian hubaki akifundisha peke yake.

Jumamosi moja alimsindikiza katekista hadi njiani.

“Anauliza nini, mwalimu?”

“Anauliza vizuri tu,” Octavian alisema, akisukuma baiskeli. “Mara nyingi anauliza habari za kitubio. Eti padre akiambiwa jambo, hawezi kulisema kokote? Nikamwambia hawezi hata akikatwa kichwa. Akapenda sana. Lakini nikamweleza kwamba yeye hana haja. Mtu mzima akibatizwa, dhambi zote za nyuma zinafutwa palepale, bila kuungama.”

“Akasemaje?”

“Akakunja uso. Akaniuliza, ‘Hata ile kubwa?’ Nikamjibu hata ile kubwa, bibi.”

Octavian alicheka, kwa kuwa aliona ni mambo ya wazee. Anyesi alisimama katikati ya njia kama mtu aliyekanyaga mwiba. Alirudi nyumbani akilirudia neno lile. Ile kubwa. Basi alikuwa amegundua ubatizo unafanya kazi gani. Angemwagiwa maji mbele ya kigango kizima, ndani ya gauni jeupe ambalo Anyesi mwenyewe angelishona, na damu ya mtoto ingetoka bila yeye kufungua kinywa. Na Anyesi angepiga makofi na wenzake.

Wiki iliyofuata alimwambia Octavian kwamba bibi bado hajashika vizuri, kwamba Pasaka ni karibu mno, labda asubiri mwaka mwingine. Alisema kwa upole, kwa sauti ile ambayo kigangoni ilikuwa haipingwi.

“Mama Debora, kwa umri ule, mwaka mwingine ni mbali,” Octavian alijibu.

“Mungu ndiye anayejua.”

Octavian akainamisha kichwa, akasema atamwambia padre. Anyesi aliondoka akiwa mwepesi, na wepesi ule ulimtia wasiwasi kidogo. Aliukanyaga, akaenda kusali njia ya msalaba.

Kwaresima ikiwa katikati, Debora alikuja kutoka Dodoma mjini na mtoto mchanga. Alikuwa amejifungulia huko, karibu na kwao katika mtaa wa Kikuyu, na mume wake Erick, karani wa ofisi moja ya serikali, alimleta mwenyewe hadi mlangoni ili mama mzazi amlee wakati wa uzazi. Alikuwa mtoto wa kiume, mweusi, mwenye nywele nyingi. Anyesi alipompokea alimbana kifuani, kwa maana tangu yule wa kwanza hakuwa ameingia katika nyumba ile mtoto wa kiume mchanga wakati korongo likiwa na maji. Hao wengine walikuwa wa kiangazi.

Matika naye alijikongoja kuja kumwona. Alimtazama kwa muda mrefu bila kumgusa.

“Ameshapelekwa kwa padre?” aliuliza.

“Bado, bibi,” Debora alijibu. “Tutabatiza tukirudi mjini, Erick atakapopata likizo.”

“Mbona mnachelewa? Mtoto hangojewi likizo.”

Debora akacheka. Anyesi hakucheka. Aliona vile macho ya bikizee yalivyong’ang’ania utosi wa mtoto, pale ngozi inapodunda, na akamchukua mtoto akampeleka chumbani. Tangu siku hiyo alijipanga. Akienda kisimani, Debora awe macho. Debora akilala, yeye awe mlangoni. Ibada za Ijumaa alianza kuzikosa, na akina mama wa jumuiya wakasema uzazi umemshika.

Kila siku bibi alikuja na swali lilelile. Lini mtampeleka? Padre anakuja lini? Kwani hawezi kuja kabla ya Pasaka? Siku moja alikaa nje ya dirisha la chumba asubuhi nzima, anasikiliza mtoto anavyopumua. Siku nyingine Anyesi alimkuta akikinga maji ya mvua kwenye kikombe cha bati, na alipoulizwa ni ya nini alisema ni ya kunywa, wakati mtungi wake ulikuwa umejaa.

“Unamfuata mama yangu kama askari,” Mazengo alilalamika. “Ana nini?”

“Hana kitu.”

“Basi mwache amshike mtoto. Mzee kama yule atapata wapi kitukuu kingine?”

“Atamshika,” Anyesi alisema, na hakusema lini.

Jumatano moja mchana mtoto alipatwa na homa. Asubuhi alikuwa amekataa titi, na ilipofika saa za kupika akawa moto kama jiwe la juani. Mazengo alikuwa shambani kwenye alizeti. Debora, aliyekesha na mtoto, alikuwa amejilaza ubavuni mwake akapitiwa na usingizi. Anyesi alitoka mbio kwenda kwa kijana wa bodaboda, nyumba ya tatu, kumwambia awapeleke zahanati. Hakukawia. Lakini aliporudi, mlango wa chumba aliokuwa ameurudishia ulikuwa wazi.

Matika alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, mtoto mapajani mwake. Kando ya goti lake kulikuwa na kile kikombe cha bati kimejaa maji.

“Mama,” Anyesi alisema, “nipe huyo mtoto.”

“Yuko moto sana.”

“Najua. Na hayo maji ni ya nini?”

“Nimeyaweka karibu.”

“Karibu kwa ajili ya nini?”

Anyesi aliinama akamtwaa mtoto. Alimpapasa kichwa, nywele zilikuwa kavu. Akamwamsha Debora, akamfungia mtoto kifuani kwa khanga, na bodaboda ilipofika akawapakia wote wawili na kumwambia kijana apite kwa Mazengo shambani amwambie afuate. Alisimama hadi mlio wa pikipiki ukapotea ng’ambo ya korongo. Hakuwa na wasiwasi sana na homa ile. Ameziona homa nyingi. Wasiwasi wake ulikuwa ndani ya nyumba.

Alirudi chumbani. Mama mkwe hakuwa amesogea. Anyesi akaketi mbele yake, juu ya kigoda, na lile swali alilolikimbia tangu ujana wake likatoka lenyewe.

“Mama, mwanangu ulimfanya nini?”

“Huyu sijamfanya kitu. Umeona mwenyewe.”

“Siyo huyu.”

Matika aliinua macho. Hakuonekana kushtuka. Alionekana kama mtu aliyebisha hodi kwa muda mrefu hatimaye akasikia karibu.

“Ruthu alikuambia,” alisema.

“Aliniambia.”

“Nilijua atakuambia. Nikakusubiri uniulize. Nikasubiri msimu ule, nikasubiri uliofuata. Nikaona umeamua kunyamaza, nami nikanyamaza. Nikaona unanipa chakula na unaninyima watoto. Nikasema ana haki.”

“Ulimfanya nini?”

“Nilimfanyia yale yenu.”

Anyesi hakuelewa. Bibi akapangusa midomo kwa ncha ya kaniki yake, akaeleza polepole, Kiswahili chake kikichanganyika na Kigogo kila alipozidiwa.

“Ulipokuwa na mimba ile, ulikuwa unawafundisha watoto wa komunyo hapo nje. Mimi nilikuwa natwanga. Uliwaambia mtu akiwa anakufa na padre yuko mbali, yeyote anaweza kummwagia maji na kusema yale maneno. Mtoto mmoja akauliza, hata mpagani? Ukasema hata mpagani, akikusudia vilevile. Nilicheka peke yangu. Nikasema kumbe dini yao hata mimi naweza kuifanya. Nikalishika kwa sababu lilinichekesha.”

“Endelea.”

“Wewe umepelekwa. Mtoto akaacha kunyonya. Alfajiri nikaona pua inakaza, nikajua huyu haendi mbali. Nimezika wangu, nawajua. Nikasema, huyu si wangu peke yangu, ni wa mwanamke yule. Akirudi akikuta mtoto amekwenda bila kitu chao, kitamuua. Nikachukua kibuyu.”

Nje kuku waliparua majivu. Anyesi alibana mikono katikati ya magoti.

“Kwa nini hukuniambia? Mama, nililia mwaka mzima kwamba hakubatizwa. Ulinisikia nikilia.”

“Nilikusikia.” Sauti ya Matika ikapungua. “Maji yalipofika kichwani alishtuka. Akavuta pumzi moja, ikawa hiyohiyo. Mikononi mwangu. Mpaka leo sijui kama alikuwa anakwenda au ni mimi niliyempeleka. Mimi si mtu wenu. Mikono hii ilikuwa imemwaga pombe makaburini juzi yake tu. Nikasema labda nimeshika kitu cha watu kwa mikono isiyotakiwa, kikamuua. Ningekuambiaje? Na Ruthu ameshaniona.”

“Na leo? Kikombe kile?”

“Nilikiweka karibu. Nilikuwa namwomba Mungu wenu uwahi kurudi, nisilazimike.”

Hapo moyo wa Anyesi ulitaka kuamini, na kwa sababu ulitaka sana, akauvuta nyuma. Aliikagua habari ile kama anavyokagua mbegu anazouziwa na mgeni. Tangu Noeli bibi huyu anafundishwa na Octavian. Somo la ubatizo wa hatari limo katika mafundisho. Mtu mwenye akili, na Matika hakuwa mjinga, angeweza kulichukua somo la Jumamosi iliyopita akalivika nguo ya zamani. Ilikuwa habari inayomfaa mno mtu anayetaka kusafishwa.

“Ulisema maneno gani?” aliuliza.

“Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.”

“Hayo umefundishwa juzi.”

“Nimefundishwa juzi, ndiyo. Lakini nilikuwa nayo.”

“Na jina? Mtoto anabatizwa kwa jina. Ulimwita nani?”

Hilo alilitupa kama mtego, na akaona limenasa, kwa maana mama mkwe aligeuza uso ukutani. Katika maisha yao yote pamoja Anyesi alikuwa amemwona mwanamke yule amekasirika, amefiwa, ameumwa na jino. Hakuwahi kumwona ameona aibu.

“Utanicheka,” Matika alisema.

“Sitacheka.”

“Maria.”

“Alikuwa mtoto wa kiume.”

“Nilijua ni wa kiume, nimemwosha mwenyewe. Lakini nilikuwa silijui jingine. Kila jioni mlikuwa mnaita Maria, Maria, mara nyingi vile, nikaona huyo ndiye mkubwa wao, atamwangalia. Sasa mwalimu ananisomea majina, Yosefu, Petro, Yohane, naona aibu. Nilimpa mwanaume jina la kike. Huko alikokwenda sijui wanamwita vipi. Ndiyo sababu nataka maji. Nilimpeleka peke yake. Nataka nimfuate nikamweleze.”

Mtu anayetunga uongo, na majina ya watakatifu ameyasikia kila Jumamosi, angechukua Yosefu. Angechukua jina lolote la kiume lililo karibu. Hakuna mwongo duniani ambaye angekwenda kuchagua Maria, kisha akageukia ukuta kwa aibu yake.

Hakumkumbatia. Hawakuwa watu wa hivyo, na miaka mingi haitoki mwilini mchana mmoja. Aliinuka, akatoka nje, akachukua vyombo ambavyo vilikuwa safi, akaviosha tena vyote.

Jioni Debora alirudi na Mazengo. Ilikuwa malaria; mtoto alikuwa amepewa dawa, na njiani alikuwa amenyonya. Anyesi alimpokea, akasimama naye kidogo mlangoni, kisha akavuka uwanja hadi jikoni kwa mama mkwe, akamwekea mapajani. Alirudi kwenye sufuria yake. Lakini alijiweka mahali ambapo angeweza kuona.

Padre alipokuja kigangoni Ijumaa kusikiliza maungamo, Anyesi alipiga magoti akamweleza yote: ya mtoto, ya Ruthu, ya miaka yote ya kunyamaza, na jinsi alivyosimamisha ubatizo wa mtu kwa kinyongo akikiita busara.

“Kama maji yalitiririka,” padre alisema, “na maneno yakasemwa, naye akakusudia kufanya kile linachofanya Kanisa, mtoto alibatizwa. Tena alikuwa akifa, maji hayakumuua.”

“Na kama ananidanganya, Baba?”

“Mimi sikuwepo. Wala wewe hukuwepo. Unaishi naye, mimi siishi naye. Ni mtu wa kudanganya?”

Anyesi alifikiri kwa haki. Mama mkwe wake alikuwa mkali. Alikuwa mchoyo wa chumvi, na aliwahi kumwita mgumba mbele ya wageni kabla hajazaa hata mmoja. Lakini ukiacha lile la maji ya kunywa, kila alilomwambia, tamu au chungu, alikuwa akiliamini.

“Si mtu wa kudanganya,” alisema.

“Basi fungua ulichokifunga,” padre alimwambia, akampa malipizi yake.

Anyesi alikwenda kwa Octavian siku ileile, akasema alikosea, bibi ameshika vizuri kuliko vijana wengi. Octavian hakuuliza kitu. Kwa Ruthu alikwenda pia, na huko ilikuwa kazi. Ruthu alisikiliza habari yote akiwa ameinamia kinu, kisha akatikisa kichwa.

“Na wewe umeamini? Mama Debora, mtu akikaribia kaburi husema lolote.”

“Uliona anammwagia maji, au uliona anamuua?”

“Niliona maji.”

“Hata yeye anasema maji.”

“Basi kwa nini alikificha kibuyu?”

“Kwa sababu ulikuwa unachungulia,” Anyesi alisema. Ruthu akasonya, akaendelea kutwanga. Mpaka leo haamini, na si yeye peke yake; kijiji kikishazoea kumwogopa mtu hakiachi kirahisi.

Matika alibatizwa Jumatatu ya Pasaka, asubuhi, kwa kuwa padre alikuwa na vigango vingi na chao kilikuwa cha mwisho. Anyesi alimshonea gauni, na alisimama nyuma yake kama msimamizi, mkono begani. Padre alipouliza jina, watu walitegemea Maria, kwa maana ndilo bikizee wengi hulichagua.

“Hilo nimeshampa mtu,” Matika alijibu kwa sauti, na wengine wakacheka wakidhani amechanganyikiwa. “Niite Anna. Mwalimu ameniambia alikuwa mama yake Maria, bibi wa mtoto.”

Wiki hiyo Mazengo, ambaye sasa alikuwa ameambiwa yote na kwa siku mbili hakutaka kuongea na mtu, alichonga msalaba wa mpingo, akachoma herufi kwa chuma cha moto. Aliuchimbia nyuma ya zizi, mahali ambapo mama yake aliwaonyesha kwa fimbo, kwa sababu hakuna mwingine aliyekumbuka kwa uhakika. Uliandikwa MARIA tu. Wachungaji wanaopita na ng’ombe humuuliza Mazengo binti gani kazikwa pale, naye huwaambia ni kaka yake Debora, akawaacha na maswali yao.

Uzazi ulipokwisha, Erick alikuja kuchukua watu wake, na gari likawasubiri barabarani kwa kuwa njia ya nyumbani ilikuwa bado na matope. Matika alisema atambeba kitukuu hadi kwenye gari. Debora alimtazama mama yake. Anyesi akasema, “Mpe.”

Wakatoka, Debora na mume wake mbele na mabegi, bibi katikati na mtoto kifuani, anatembea kwa tahadhari kana kwamba kabeba yai. Anyesi alifuata nyuma hatua chache. Njia nzima macho yake yalikuwa kwenye mikono ile mikavu: ilivyomshika mtoto shingo, ilivyomfunika jua kwa pindo la kaniki. Aliijua sasa ilifanya nini na haikufanya nini. Hata hivyo aliitazama, na kila alipojigundua anaitazama alishusha macho chini kwenye matope, na baada ya kidogo yakapanda tena.